Nilimwambia Zuhura Aongeze Chumvi

Jumatano, Machi. Mvua imetishia tangu asubuhi na haijanyesha. Mtaa wetu wa Kabiria mzima ni vumbi na joto la kukaba. Mimi pia nimekabwa, ila si na joto.

Leo nimemharibia mtu mtihani, naye anadhani ni bahati mbaya.

Mimi na Zuhura tunasomea upishi katika chuo kikuu cha ufundi hapa mjini. Wanafunzi wa uhandisi hutucheka tukipita na aproni zetu, lakini siku za mtihani wao ndio wa kwanza kupanga foleni nje ya mgahawa wa idara, maana tunachopika huuzwa kwa bei ya huruma. Zuhura asili yake ni Mombasa, na babake ana duka la vitambaa katikati ya jiji. Mimi nimetoka Bungoma na nakaa kwa shangazi.

Mwezi wa Ramadhani Zuhura hupika bila kuonja. Ustadhi wao alimwambia anaweza kuonja kwa ncha ya ulimi na kutema, lakini moyo wake unakataa. Kwa hiyo mimi humwonjea. Alinichagua tangu muhula wa kwanza, siku wenzetu walipoisifu supu yake na mimi nikamwambia ina ladha ya maji ya kuoshea vyombo. Alicheka hadi akakaa chini. Tangu hapo, neno langu kuhusu sufuria zake likawa la mwisho.

Nina mafua tangu Jumatatu. Jana shangazi alinitazama nikitia sukari kwenye chai, akauliza, "Wewe, hicho si kijiko cha nne? Kwani ulimi umekufa?"

Kwa hiyo nilijua. Nilijua na bado nikaenda. Sheria ya jiko letu ni kwamba mwenye mafua haingii, na anayekosa mtihani hungoja hadi muhula ujao. Mimi tayari nimepata nafasi ya mafunzo kwenye hoteli moja kule Karen, na sikutaka initoke. Nikapenga kamasi chooni, nikavaa barakoa, nikaingia kama mtu mzima wa afya.

Zuhura alikuwa anapika pilau ya mbuzi, aliyofunzwa na nyanyake. Kabla ya kutia mchele, akanichotea supu kwa kijiko. "Nionjee. Chumvi yatosha?"

Nikanywa. Nilihisi moto tu.

Ningesema sijui. Ni neno dogo. Lakini Madam, mhadhiri wetu, alikuwa amesimama karibu, na anayebahatisha huogopa kuonekana anabahatisha. Nikakunja uso kama mjuzi, nikasema, "Ongeza kidogo."

Akaongeza. Hakuuliza mara mbili.

Sahani zilirudi jikoni zimeguswa tu. Mzee mmoja wa idara ya majengo alimaliza jagi zima la maji peke yake. Madam alionja, akaweka kijiko chini, akamuuliza Zuhura kama alionja kabla ya kupakua. Zuhura akajibu kwamba amefunga. Mimi nilikuwa pale pale karibu nao, na Zuhura hakunitazama hata kwa jicho la pembeni. Madam akasema mpishi haonji kwa mdomo wa kuazima. Arudie Ijumaa, aonje mwenyewe mbele yake, la sivyo hana alama.

Mchuzi wangu wa samaki ulisifiwa. Hapo ndipo aibu inaponiumbua. Vitunguu vyangu vilikuwa vimeanza kuungua na pua yangu imeziba kabisa. Zuhura ndiye aliyenishtua kutoka mezani kwake nikapunguza moto.

Jioni, baada ya futari, alinitumia ujumbe. Atamwomba Madam aniruhusu nimwonjee tena Ijumaa. Madam akikataa, heri mtihani umpite kuliko afungue.

Nimwonjee tena! Nilikwenda jikoni kwa shangazi, nikajimwagia chumvi kiganjani, nikalamba. Ni kama mchanga.

Njia ya mwongo ni fupi, na yangu imeishia kwenye ujumbe huo. Zuhura huisoma blogu hii wakati wa daku. Nilipoanza kuandika, nilijidanganya kwamba akisoma hapa nitakuwa nimemwambia. Huo ni uoga uliovaa nguo za kanisani. Nikaacha kuandika, nikampigia, nikamweleza yote.



"Ungesema tu hujui, Wafula," akasema. "Ningemuuliza mwengine."

Niliomba msamaha na hakusema amenisamehe, nami sikuthubutu kuomba tena. Kabla ya kukata simu akaniambia, "Ugua pole." Hilo ndilo limenitoa machozi, hapa mbele ya shangazi na sufuria yake ya mboga ya sukuma.

Kesho asubuhi naenda kwa Madam kabla hajaketi. Nitamwambia niliingia jikoni nikiwa mgonjwa, nikasema uongo, na kwamba anayepaswa kurudia mtihani ni mimi. Hoteli ya Karen ikinitoka, initoke. Nitamwomba amruhusu Zuhura apike Ijumaa akiwa amefunga, na mwenzetu mwenye ulimi mzima amwonjee.

Sijui kama Madam atakubali. Sijui kama Zuhura atanipa kijiko tena.