Tumbo la Furaha

Buyenzi, Bujumbura

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Nakuandikia nikiwa mzima, mume wangu Saidi mzima, na watoto wanakwenda shule siku ambazo njia inapitika. Goti lako linaendeleaje? Aliyeniletea barua yako anasema siku hizi unatembea bila fimbo. Nimefurahi, lakini nataka kulisikia hilo kutoka kwako mwenyewe. Na huko Ujiji mvua zimeanza?

Najua redio inakutia hofu. Ni kweli, juzi tulisikia mizinga upande wa milimani na soko likafungwa mchana. Ila leo sikuandikii habari za mizinga. Nataka ujue jambo nililolifanya, maana nusu yake ni yako.

Unajua kwamba nafagia na kupiga deki katika zahanati moja hapa Buyenzi. Daktari wetu ni Mbelgiji, hajui Kiswahili. Anayemtafsiria ni karani mmoja, Deo, mtu wa Gitega. Kirundi chake na Kifaransa chake havina kasoro, lakini Kiswahili chake ni cha kuulizia bei ya sukari.

Wiki tatu zilizopita akaja mwanamke anaitwa Furaha, Mkongomani wa Uvira anayeuza ndagala, yaani dagaa, kule Kamenge. Nilikuwa napiga deki ukumbini, nikamsikia akimwambia Deo, "Mi niko na tumbo." Deo akaandika kwamba tumbo linamuuma. Daktari alikuwa na majeruhi wawili mikononi mwake, akaisoma ile karatasi mbiombio, na Furaha akapewa vidonge vya minyoo.

Akakaa kwenye benchi ili avimeze, asivimeze. Nikamwona anajishika bega, na midomo yake imepauka. Nikaacha deki nikaenda kuinama mbele yake.

"Dada, tumbo yenye kuuma, ao tumbo ya mutoto?"

"Yote mbili," akasema. "Miezi mbili sijaona damu. Leo asubui kitu kimepasuka mu ndani, sasa hata bega inauma."

Mama, hapo nilikukumbuka wewe na mke wa yule seremala wa mtaa wetu. Nilikuwa nakubebea maji ulipokwenda kuzalisha, na siku ile hukuzalisha. Ulimkuta ameshapauka, anashika bega. Tulipokuwa tukirudi nyumbani uliniambia mimba changa ikikaa pasipo mahali pake huua mtu kimyakimya, damu isionekane. Sikuwa nimelifikiria neno lile miaka mingi.

Nikamwambia Deo kwa Kirundi twende kwa daktari. Akanijibu, "Zuhura, maliza ukumbi kwanza, daktari anashona mtu."

"Huyu hana tumbo la minyoo, ana mimba. Kwetu mtu akisema ana tumbo, amesema ana mimba. Na inamwua."

Akanitazama, akaitazama karatasi yake. Kifaransa changu hakifiki popote, kwa hiyo sikuwa na njia nyingine isipokuwa mdomo wake. Niliogopa atakataa, maana ni nani anapenda kulitangaza kosa lake mwenyewe mbele ya mkubwa wake? Lakini Deo alisukuma mlango, akamweleza daktari kila kitu, hata kwamba yeye ndiye aliyekosea. Tangu siku ile namheshimu sana.

Daktari akamgusa Furaha tumbo mara moja tu, akaandika barua. Hakuweza kuwaacha majeruhi, akasema mimi ndiye nimpeleke hospitali kubwa kwa gari la zahanati, kwa kuwa mimi ndiye anayeelewana naye.

Njiani tukasimamishwa kwenye kizuizi cha askari. Siku zile walikuwa wakali mno, mgeni aliyepita bila sababu aliteremshwa. Askari akachukua vitambulisho vyetu.

"Huyu ni nani wako?"

"Mdogo wangu," nikasema. "Wa tumbo moja."

Akavitazama tena. "We Mutanzania, yeye Mukongomani. Tumbo moja namna gani?"

"Mama yetu alizaa Ujiji, akazaa na Uvira. Ziwa ni lile lile."

Nisamehe, mama, nimekuzalisha mtoto Uvira bila kukuuliza. Askari hakucheka. Alimtazama Furaha, ambaye wakati huo hakuweza tena kuinua kichwa, akarudisha vitambulisho na kunyanyua mti ulioziba njia.

Furaha alipasuliwa mchana ule ule. Daktari wa pale alisema mrija wa uzazi ulikuwa umepasuka na damu imejaa ndani, na kwamba tungechelewa saa moja tungeleta maiti. Mimba haikuokoka, lakini Furaha yu hai. Jumapili alikuja kwangu kwa miguu yake na kapu la ndagala, na alipoaga aliniita dada, akaondoka bila kugeuka, nikajua analia.

Kisha daktari wetu akaniita. Kupitia kwa Deo akaniuliza, "Hebu niambie, Kiswahili kina matumbo mangapi?" Nikakaa nikamhesabia. Tumbo la kuuma na tumbo la kuendesha. Tumbo lenyewe likiwa mimba, na mwenye nayo akiitwa mjamzito. Tumbo la uzazi. Tumbo joto la mtu mwenye hofu, ambalo kidonge hakiliwezi. Kitambi cha tajiri, utumbo, chango la wanawake. Deo naye akaleta Kirundi chake: inda ni tumbo, inda ni mimba, na ukibadilisha sauti kidogo tu umetaja chawa. Daktari akacheka, lakini aliandika yote.

Sasa, mama, sifagii tena. Nina meza karibu na mlango wa daktari, kando ya Deo, namfafanulia kwa Kirundi naye anatia Kifaransa, na koti jeupe ambalo Saidi amelipiga pasi mara mbili kabla sijalivaa. Siku ya kwanza akaingia bibi mmoja wa Buyenzi, akasema maneno mengi kwa mafumbo, kama wasemavyo wazee wanapoona haya. Alipomaliza, daktari aliiweka kalamu chini, akanigeukia, akangoja niseme mimi.

Nisalimie baba mkubwa, na mwambie dawa yake ya macho nimeipata, inakuja na mtu. Msalimie mdogo wangu Mwanaidi na kichanga chake, na shangazi anayekaa nawe, na mke wa jirani anayekusomea barua hii, asiruke mstari. Wajukuu wako wanakuamkia.

Ni mimi mwanao niliyekubebea maji,
Zuhura