Kopo la Mama na Bucha la Mjomba

Nyumba ya nyuma, mkabala na gereji
Jumapili, 9 Juni

Mpendwa Kitindamimba wetu,

Salamu nyingi kutoka kwetu. U mzima? Kile kifua kilichokusumbua kwenye baridi ya huko kimepoa? Shemeji na watoto hawajambo? Sisi tunapumua. Mimi bado nipo dirishani na cherehani yangu, ambako habari za mtaa hunifikia kabla hazijatokea.

Mama yuko wodini. Anaendelea vizuri, kwa hiyo kaa kitako usome mpaka mwisho, usikimbilie simu. Wakati wa simu nitakuambia.

Unakumbuka ulivyotupigia simu ugonjwa wa ng'ombe ulipotangazwa? "Dada, nyama msiguse! Hata mchuzi!" Ulitisha kuliko redio. Tukakutii. Mama akaacha nyama, tena ya kaka yake wa tumbo moja. Mjomba akawa anasimama mlangoni mwa bucha na aproni nyeupe pee, bila tone la damu, akiwapungia mkono wateja wake wakivuka kwenda upande wa pili wa barabara. Siku moja alipita kwangu: "Mpwa wangu, ibadilishe aproni hii iwe gauni, nikaolewe." Nikacheka. Yeye hakucheka.

Wakati huohuo kopo lako lilikuwa mezani, lile kubwa la vidonge vya maumivu unalotutumia kila ukipata mtu wa kumbebesha. Mama alimeza asubuhi kwa ajili ya magoti, mchana kwa ajili ya mgongo, na jioni kwa sababu mwanawe amemkumbuka. Tena tumbo likiwa tupu, maana mboga bila nyama anasema haimpandi. Wageni akiwagawia kama peremende, na aliyekataa alionekana hana adabu.

Jumanne akatapika kitu cheusi kama machicha ya kahawa. Shangazi akapiga kelele mtaa mzima ukasikia: "Nyama! Nyama ya kaka yake imemmaliza!" Gari lililokuwa karibu ni lile la bucha. Basi mtuhumiwa ndiye aliyembeba, na Mama akalazwa palipozoea kulazwa nusu ng'ombe.

Daktari, mwanamke mfupi mwenye sauti ya mwalimu mkuu, akauliza, "Anatumia dawa gani?"

"Hatumii dawa," tukajibu kama kwaya.

"Hata za maumivu?"

"Aa, hizo! Hizo si dawa, daktari. Hizo anatumiwa na mwanawe."

Akatuangalia mmoja mmoja, kalamu ikiwa hewani. Ni kidonda cha tumbo, kimechimbwa na vidonge mpaka kikavuja damu. Shangazi bado akang'ang'ania nyama. "Mama," daktari akamwambia Shangazi, "huo ugonjwa wa ng'ombe nausikia redioni kama wewe. Humu wodini sijapokea mgonjwa wake hata mmoja. Wa vidonge hawakosekani. Muulize huyo wa kitanda cha pili."

Sisemi ugonjwa wa ng'ombe ni mchezo. Wanaopima mifugo waendelee kupima. Ila ng'ombe walipewa matangazo, mabango na watu waliovaa buti nyeupe. Kopo lilipewa kitambaa cha kufuma cha kukalia.

Mjomba hajaombwa radhi na mtu. Shangazi alimwomba lifti ya kurudi nyumbani, ila kwanza akauliza kama gari limeoshwa. Bucha limefungwa, siku hizi panauzwa makava ya simu.

Sasa sikia. Jana nimekuta vidonge vimefungwa kwenye pindo la kitambaa cha Mama cha kichwa. Daktari amesema damu ikivuja tena akisharudi nyumbani, huenda asiwahi kufika hospitali. Nilipomnyang'anya alinigeuzia uso ukutani: "Mwanangu hawezi kunitumia kitu cha kuniua. Una wivu tu." Na kweli wivu ninao, lakini si wa vidonge.

Kwa hiyo piga simu jioni ya siku utakayoipata barua hii, saa ya kutazama wagonjwa. Usimwambie Mama kwamba daktari kasema. Madaktari anawaona watoto. Mwambie wewe umesema. Ile sauti uliyotumia kwa nyama, tumia hiyohiyo.

Shangazi anakusalimu sana. Mjomba amekataa nisiandike salamu zake, kwa hiyo siandiki. Wabusu watoto. Mungu akulinde huko, na atulinde sisi na mizigo yako.

Ni mimi, nikupendaye hata nikinuna,
Dada yako wa dirishani