Cheti cha Kupandia Kreni

Jumatatu, 4 Mei
Ngazi, thermos ya chai, kiti. Saa moja niko juu. Ukungu umefunika mtaa wote wa Mapendo, ziwa halipo. Napenda saa hii, ni kama kuota macho wazi.
Shefu ametangaza: mwisho wa mwezi, asiye na permi, cheti cha kuendesha, hapandi kreni. Mtihani wa kuandika, mtihani wa kuinua mzigo, cheti cha daktari. Miaka tisa nainua bila karatasi. Sawa. Nitaipata.

Jumatano, 6 Mei
Saa nne kibanda cha kreni kikayumba, polepole, kama mtu ananibembeleza. Tetemeko tena, kama juma lililopita. Goma hii, nani anashangaa? Nikamuuliza tena kwa redio Papa Mugisho, anayeniongoza kwa mikono toka chini. "Apana, mama. Huku kumetulia." Labda alikuwa anatembea.

Jumatatu, 11 Mei
Kuandika, nimepita. Kuinua, nimepita: pipa la maji, halikumwaga tone. Nilijiona naelea. Bado daktari tu.

Alhamisi, 14 Mei
Ziwa lilipanda upande mmoja, mawingu yakateremka. Nilikuwa na nondo hewani, Papa Mugisho karibu chini yake. Nikafunga breki, nikauliza: tetemeko? Akajibu:
"Mama Neema, ni mara ya tatu unaniuliza. Udongo haikutikisika."
Ng'ambo ya barabara mama mmoja alikuwa amepanga nyanya mafungu mafungu. Hakuna iliyoanguka. Basi ni mimi. Ningemuua Papa Mugisho.

Ijumaa, 15 Mei
Fomu ya daktari. Je, unapata kizunguzungu? Shemeji anasema niandike hapana, wote wanaandika hapana. Nimemkasirikia kwa sababu natamani kumsikiliza.

Jumatatu, 18 Mei
Nimeandika ndiyo.
Daktari ameangalia masikio, akasema kizunguzungu kinatoka humo, akaandika: asipande. Dawa, kisha tutaona. Nimelia juu ya pikipiki mpaka nyumbani, Mabanga.

Jumatano, 20 Mei
Kazini, chini. Juu yuko mwingine, mwenye permi. Nasimama kando ya Papa Mugisho, najifunza ishara za mikono.
Toka juu nilimjua kwa kofia tu. Leo nimeona uso wake mzigo unapopita: mdomo wazi kidogo, hapepesi macho. Miaka tisa alikuwa ananiangalia hivyo.
Mzigo ukatua. Tukaenda kunywa chai.