Bei ya Sweta Ambalo Halijafumwa

Porkeri, 9 Septemba

Mwanangu Durita,

Pokea salamu nyingi, na natumaini kikohozi kimekuacha kwa vile uliniahidi kuvaa soksi zangu. Huku kisiwani mimi mzima, kondoo wazima, mvua nayo haijambo. Hali ya baba yako siijui, kwa sababu amehama.

Usishtuke. Amehamia kwenye banda la mashua, pale chini ya jikoni. Kisa ni wewe na bei zako. Nilikwenda dukani na karatasi yako inayosema vifurushi vyangu vya kufumia viuzwe krona mia tisa kila kimoja, nikamsomea Sanna muuza duka, nipate mtu wa kucheka naye. Kumbe baba yako yuko nyuma ya rafu anachagua misumari. Akasema mbele ya watu wote: "Uzi, sindano na karatasi ya mchoro, mia tisa? Mtu alipe, halafu afume mwenyewe? Huyo mjinga bado hajazaliwa."

Na mimi nilikuwa naona hivyo hivyo. Kwenye mnada wa kanisa sweta langu zima, lililokwisha kufumwa, linakwenda kwa mia sita. Lakini si angenisemea nyumbani? Watu walicheka mpaka Sanna akakosea chenji. Nikamwambia baba yako hataonja kiazi changu mpaka aniombe radhi. Naye akabeba sufuria na mguu wa kondoo uliokaushwa, akaenda zake.

Kwa hiyo bei sasa ni mia tisa. Mimi ningeweka elfu moja, kwa hasira, ila wewe ndiye uliyesomea biashara. Vifurushi vya kwanza vimo humu kwenye boksi.

Na lingine. Kwenye kadi ya kifurushi umeandika kwamba mchoro huu wa sweta tumerithishana kwa miaka mia tatu. Nani kakwambia? Niliubuni mwenyewe mwaka ule televisheni ilipoharibika. Futa.

Mama yako


Aarhus, 20 Septemba

Shikamoo mama,

Kikohozi kimepona na soksi zimevaliwa, hata sasa ninazo miguuni. Natumaini mgongo haukusumbui kwa kukunja nyuzi zote hizo peke yako.

Mama, bei nilipanga mimi, lakini baba sikukutuma umfukuze. Nilikueleza: watu wa mjini hawanunui uzi. Wananunua kazi ya jioni za baridi na kitu cha kujisifia mbele ya wenzao. Sweta lako kanisani ni rahisi kwa sababu hujawahi kuona kuwa mikono yako nayo ina bei.

Miaka mia tatu nimeifuta. Nimeandika: "Mchoro uliobuniwa televisheni ilipoharibika." Usicheke, vifurushi vimeanza kununuliwa kwenye duka letu la mtandaoni. Wanunuzi karibu wote ni wa huku Denmark, isipokuwa mmoja, Bwana Petersen wa Vágur. Vágur hapo hapo jirani yenu! Nimemtumia leo kwa posta.

Msalimie baba ukimwona.

Binti yako


Porkeri, 4 Oktoba

Mwanangu mpendwa,

Salamu. Mgongo unauma kidogo, lakini mdomo mzima, kwa maana nimecheka sana. Kifurushi kimetoka jikoni kwangu, kikavuka bahari mpaka kwako, kikavuka tena kurudi, kumfuata mtu ambaye angekuja kukichukua kwa baiskeli. Na gharama ya posta kalipa! Ukoo wa Petersen wa Vágur naujua wote, na hakuna mwanamume kati yao aliyewahi kushika sindano. Labda amefiwa na mke, maskini.

Baba yako bado yuko bandani. Moshi unatoka, kwa hiyo hajafa. Kanisani alikaa benchi la nyuma kabisa. Wakiniuliza nawajibu kwamba anatengeneza mashua.

Nyumba imekuwa kubwa, Durita. Kila siku najikuta nimepika viazi vya watu wawili, vya ziada nawamwagia bata bukini, wananenepa tu. Namkosa. Ukimwambia neno hili, nyama ya Krismasi hutaiona.

Mama yako


Aarhus, 25 Oktoba

Shikamoo mama,

Natumaini hujambo na bata wako pia. Mimi niko salama, ila Bwana Petersen ananichosha. Ananiandikia kupitia ukurasa wa duka letu, herufi kubwa tupu, kama mtu anayepiga kelele akiwa baharini. Nakunakilia maswali yake:

Vitanzi vyake vya uzi kwenye sindano vimekuwa vingi kuliko alivyoanza navyo, je, vinazaana? Ni kawaida vidole kufa ganzi? Na huyo mama aliyebuni mchoro, ni mkali hivi kwa watu wake wote?

Nimjibu nini?

Halafu kuna jambo zito. Wateja wawili wamelalamika kwamba mkono wa kushoto wa sweta unatoka mrefu kuliko wa kulia. Nimeangalia mchoro, wanasema kweli.

Binti yako


Porkeri, 8 Novemba

Mwanangu,

Nimefurahi kusikia u salama. Mimi sijambo.

Mwambie mzee wa watu kwamba vitanzi havizai. Anauchoma uzi katikati badala ya kuingiza sindano kwenye kitanzi. Na anaukaza mno, utadhani anafunga mashua. Alegeze. Vidole aviloweke kwenye maji ya moto. Kuhusu lile swali la tatu, mjibu kwamba huyo mama si mkali, alitukanwa dukani.

Namwonea huruma. Humu nimeweka sindano zangu za zamani, zimelainika kwa kutumika, mpelekee bure. Laiti baba yako angekuwa na nusu ya adabu za huyu Petersen!

Suala la mkono, hao wateja hawajui kupima. Mchoro hauna kosa. Niliupima kwenye sweta lililopo hapa nyumbani.

Mama yako


Aarhus, 1 Desemba

Shikamoo mama,

Natumaini baridi haijakuzidi. Petersen amemaliza! Anasema limemkaa vizuri, hasa mkono wa kushoto, na kwamba kwa miaka mingi nguo za dukani humwia fupi upande huo.

Mama, kila mwingine aliyemaliza amelalamikia mkono huo huo. Umemkaa yeye tu.

Ulipima kwenye sweta la nani?

Binti yako


Aarhus, 14 Desemba

Mama, shikamoo. Mbona kimya? Simu nayo hupokei. Niandikie hata mstari mmoja.

Durita


Porkeri, 20 Desemba

Mwanangu Durita,

Salamu za Krismasi. Tu wazima, wote wawili. Nisamehe kwa kimya, nilikuwa na shughuli.

Niliposoma barua yako nilikaa chini kwenye ngazi. Baba yako mkono wake wa kushoto ulivutwa na winchi, mashine ya kuvutia nyavu, ukarefuka, kabla hujazaliwa. Tangu hapo kila sweta lake naongeza upana wa vidole viwili upande ule, bila hata kufikiri. Ulipotaka mchoro, nikakuandikia mwili wake.

Nilichukua sufuria ya viazi nikateremka bandani. Nikamkuta amelivaa lile la Petersen. Sijapata kuona sweta baya namna ile. Shingo imekwenda kando, na nyota za kifuani zimekuwa kama mayai yaliyopasuka. Sindano zangu za zamani kazificha mgongoni. Jina na sanduku la posta kaazima kwa mtu anayemuuzia chambo, na kompyuta ni ya huyo huyo.

Nikamuuliza kama yule mjinga ameshazaliwa. Akatazama chini, akakuna shingo, maana uzi ule unawasha. Halafu akasema: "Elspa, mia tisa ni kidogo. Kwa mateso haya ungetoza elfu mbili."

Kwa baba yako hiyo ndiyo radhi, nami nimeipokea. Nililia kidogo, naye pia, ila yeye akasingizia moshi. Amerudi nyumbani na sufuria yake, na bata wameanza kukonda. Sweta atalivaa kanisani Krismasi, nimeshindwa kumzuia.

Sasa turudi kwenye biashara. Elfu mbili ni uroho, weka elfu moja niliyoisema mimi. Wateja wale waombe radhi, uwatumie karatasi mpya, mikono yote iwe sawa. Ule mchoro wa kwanza uutoe dukani. Hata mtu akulilie, hata akupe elfu kumi, usimuuzie. Ule una mwenyewe.

Mama yako, pamoja na baba yako, ambaye bado anabisha kwamba vitanzi vinazaana