Mbwa Anayemchongea Dada kwa Baba Mkwe

Mama mpendwa,

Shikamoo. Jino limeacha kukusumbua, au bado unalibania karafuu? Na mbuzi wa bibi ameshazaa? Sisi huku tu wazima, isipokuwa nguo zetu. Mvua ya Tukuyu haijui kupumzika, na sare ya kwaya ya dada iko kambani tangu Jumapili, bado mbichi. Lusajo ameota meno mawili, na hamng'ati mtu mwingine ila mimi.

Uliponituma nije kumsaidia dada kulea, ulisema nitapata kupumzika baada ya mitihani. Sipumziki, Mama. Nalea watoto wawili: Lusajo na mbwa.

Shemeji alinunua televisheni. Siku hizi madukani kuna kila kitu, na wezi nao wanajua kilichomo ndani ya kila nyumba. Kwa hiyo akaleta mtoto wa mbwa, aliyeachwa na meneja wa shamba la chai aliyehama shamba lilipouzwa. Anaitwa Tomi. Masikio yake ni makubwa kuliko akili. Ametafuna kandambili za kushoto za nyumba nzima, kwa hiyo tunatembea kama wagonjwa.

Lakini kandambili si kitu. Shida ni baba mkwe wa dada, tunayemwita Babu Lusajo. Desturi ya huku, mke wa mtu haonani na baba mkwe wake. Mzee akija anakohoa tangu mbali, na mkwe anajifunika kanga, anaingia migombani mpaka apite. Wenyeji wengine siku hizi wanalegeza. Dada halegezi, kwa sababu ni mgeni, na anaogopa wasije wakasema hakufundwa kwao. Yaani wasije wakakusema wewe, Mama.

Sasa wiki iliyopita mzee alituletea mkungu wa ndizi. Akakohoa, dada akakimbilia migombani. Tomi akadhani ni mchezo. Alimfuata, akang'ata pindo la kanga, akaivuta mpaka njiani na kuilaza miguuni pa mzee! Mzee akageuka, akautazama mlima Rungwe kama mtu ambaye hajawahi kuuona. Dada akabaki migombani bila kanga, mvua ikimnyeshea.

Jioni wifi yake kutoka Suma alikuwa ameshapata habari. Akaingia akicheka. "Eti mke wetu siku hizi anatuma mbwa kumsalimia baba!"

Dada hakula usiku ule.

Shemeji akasema, "Mbwa huyu apelekwe mafunzo."

"Nani anafundisha mbwa hapa?" dada akauliza.

"Baba."

Kumbe mzee kabla ya kustaafu alikuwa polisi wa kikosi cha mbwa. Jumamosi anafundisha mbwa wa wenye maduka kwenye uwanja wa shule.

"Baba Lusajo, una akili kweli? Nikasimame mbele ya baba mkwe na kamba ya mbwa mkononi?"

"Si wewe. Na mimi niko zamu kiwandani. Ataenda Yunisi."

Wakanigeukia wote wawili. Mama, unanijua. Hata mhudumu wa duka akiniuliza nataka nini, namwonyesha kwa kidole. Leo nikasimame uwanjani, vijana wa mjini wakitazama, nimwamrishe mbwa kwa sauti?

"Shemeji, si arudishwe tu?" nikasema.

"Arudishwe kwa nani? Meneja yuko kwao Ulaya."

"Basi afungwe."

"Kamba ameshazila."

Na dada naye hana msimamo. Asubuhi anasema niende, mchana anasema nisiende.

"Wewe hujaolewa hapa, unaruhusiwa kumtazama."

"Nikimtazama, wewe hutasemwa?"

"Basi mtazame kidogo."

Nimtazameje kidogo, Mama?

Juzi mzee akakohoa tena njiani. Dada akaingia migombani. Tomi akainua masikio, akaanza kukimbia. Nilikuwa na Lusajo mgongoni, nisingeweza kumkamata. Nikapiga kelele, "Tomi! Kaa!"

Sijui sauti ile ilitoka wapi. Lusajo aliamka akilia. Jirani akatoa kichwa dirishani. Shemeji, aliyekuwa amelala, akatoka na panga akiuliza mwizi yuko wapi. Tomi hakukaa, lakini alisimama, akanitazama kama mtu aliyeitwa kwa jina lake mara ya kwanza.

Mzee, macho yake mlimani, akasema, "Ni nani huyo?"

Nikamshika Tomi shingoni.

"Sauti anayo. Jumamosi amlete mbwa. Nami naenda zangu, maana kuna mtu huko analowa bure."

Dada alipotoka migombani alikuwa analia na kucheka pamoja. Akaniambia kwamba tangu aolewe, hayo ndiyo maneno ya kwanza ya mzee kumhusu aliyoyasikia kwa masikio yake.

Kwa hiyo nitakwenda. Dada amechemsha karanga nimpelekee mzee, na ananifundisha cha kusema: "Ndaga fijo."

"Si ni asante tu?" nikamuuliza.

"Ndiyo. Lakini iseme kwa nguvu. Ni ya tangu niolewe."

Nisalimie bibi na mbuzi wake. Msalimie baba mdogo, fundi baiskeli, mwambie hewa ya huku ingemfaa kifua ila mvua ingemmaliza. Na mwalimu wa kwaya, aliyekuwa akiniweka mstari wa nyuma akidai hanisikii, mwambie mtaa mzima umenisikia.

Ni mimi mwanao niliyechoka,
Yunisi