Nilifika kwa Mama Mkwe na Begi Lililoungua

Shangazi Bosibori, pokea salamu zangu na unisikilize mpaka mwisho kabla hujanigombeza, maana kugombezwa najua ninastahili, ila usingizi umenitoka na sina mtu mwingine wa kumwambia.

Mimi ni Mkenya, nauguza wazee hapa Toronto, naishi Downsview, na nimechumbiwa na Patrick, kijana wa Kikongo ambaye mama yake, Mama Épiphanie, alikimbia vita Kivu na wanawe wakiwa wadogo, na sasa anaishi Mount Dennis na binti yake Darlène na wajukuu wawili. Mama huyu alinipenda tangu siku ya kwanza, Shangazi, hata kabla ya mahari kutajwa alikuwa ananiita mukamwana, yaani mkaza mwana wake, mbele ya kanisa zima, na mimi niliyemzika mama yangu nikiwa bado shuleni nilijiona nimepata mama tena.

Sasa mimi nina starehe yangu moja, nacheza airsoft, ule mchezo wa kuvaa kofia na miwani mkaviziana msituni kwa bunduki za bandia zinazotema vidonge vya plastiki, bandia lakini ukiiona moja kwa mbali huwezi kuitofautisha na ya kweli, na uwanja wenyewe uko nje ya mji, kaskazini, kwa hiyo naenda na pikipiki yangu, na vifaa navitia katika begi refu la kitambaa na kulifunga ubavuni kwa kamba za mpira. Patrick anajua. Mama yake hakujua na sikumwambia, kwa sababu nilijiambia ni mchezo tu, haumhusu.

Jumamosi hiyo tulipomaliza, Mama akanipigia, "Mukamwana, nimepika sombe, upitiye hapa ukule," nami kisamvu cha yule mama sikikatai, nikaona nipite moja kwa moja, kumbe barabara kuu yote begi lilikuwa limelegea na kulalia ekzosi, kitambaa kikayeyuka, mimi sina habari. Nilipofika nikakumbuka tunavyoambiwa, usiache bunduki kwenye pikipiki nje, mtu ataiba au ataogopa aite polisi, basi nikalibeba begi hadi mlangoni, na Mama hamwachi mgeni aingie na mzigo mkononi, akanyoosha mikono yote miwili, "Leta, leta, pole na njia," na mimi badala ya kukataa nikampa, niliona haya kumkatalia, Shangazi. Alipoligeuza tu, mtutu ukatokea pale palipoungua.

Hakupiga kelele. Angepiga kelele ingekuwa nafuu. Aliliweka begi chini taratibu, akapiga magoti, mikono juu, akasema kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kuisikia kwake, "Mubebe bitu byote, muache tu batoto," na wala hakuwa ananiangalia usoni, alikuwa anaangalia miguu yangu, vile viatu virefu vya mchezo vinavyofanana na vya wanajeshi. Darlène akatoka jikoni mbio, "Maman, ni jouet! Ni ya kucheza! Angalia, ni Chepngetich!" lakini Mama alibaki vile vile mpaka nilipochukua begi langu nikatoka nje.

Tangu siku hiyo ananisalimia kanisani kwa heshima zote na ananiita mademoiselle, kama binti wa watu, si mukamwana tena. Patrick naye kwa kutaka kuniokoa akamwambia begi lile ni la Yvan, mwenzangu wa mchezo, eti nilimbebea tu bila kujua kilichomo, na Yvan amekubali lawama, na Mama akajibu "Sawa," basi. Patrick ananiambia, "Laisse, achana nayo, itapita, sisi bote tulishaona mingi." Mwezi ujao wazee wa pande zote wanakutana kuzungumzia ndoa, na nikinyamaza huenda nikaolewa kwa amani, nikisema ukweli naogopa nitampoteza Mama kabisa, na kila nikifumba macho namwona amepiga magoti mbele yangu, mimi niliyepaswa kumpigia yeye magoti. Najuta, Shangazi, najuta mpaka nashindwa kula. Nifanye nini?

Chepngetich, Downsview

SHANGAZI BOSIBORI ANAJIBU

Majina nimeyabadilisha yote, vuta pumzi. Uliomba nisikugombeze kabla ya mwisho. Mwisho umefika.

Pole kwanza, mwanangu, pole ya kweli. Nilipofika pale alipopiga magoti niliiweka barua yako mezani nikaenda dirishani, na mimi si mtu wa kulia kazini. Najua hukukusudia. Lakini hilo la "haumhusu" ulilitoa wapi? Wewe ni muuguzi. Mgonjwa mgeni humshiki kokote unapotaka, unamuuliza kwanza panapouma. Kwa mama uliyekula chungu chake hukuuliza.

Na hilo begi lako! Kitambaa, kamba za mpira, juu ya ekzosi! Vijana wa boda kwetu Kisii wanabeba kochi zima na halilegei. Ukicheza tena au usicheze ni shauri lako na Patrick, sitakuamuru uuze kitu. Ila ukibeba, nunua sanduku gumu lenye kufuli, lisiloonyesha kilichomo, ulilaze juu ya keria nyuma ya kiti na ulikaze kwa mikanda ya kweli, mbali na joto, kisha usimame njiani ulitikise uone kama limelegea. Magazini, kile kikasha cha vidonge, itoke kwenye bunduki, betri ichomolewe, mkebe wa gesi usikae juani wala karibu na injini. Mgongoni usibebe kabisa, siku ukianguka uti wa mgongo ndio utakaolipokea lile sanduku. Ukitoka uwanjani nenda kwako. Kisamvu kingengoja uoge, ubadilishe viatu, uende na mikono mitupu.

Sasa huo uongo wa Yvan. Patrick alikutakia mema, lakini amekosea, na wewe umekosea zaidi kwa kuunyamazia. Mama alilipokea begi kutoka mikononi mwako. "Sawa" ile si ya mtu aliyeamini, ni ya mtu aliyejifunza zamani kukubali chochote anachoambiwa na mwenye bunduki. Unataka kuingia nyumba yake kwa "sawa" ya namna hiyo? Mimi nisingetaka.

Kwa hiyo nenda kabla wazee hawajakutana. Mpigie Darlène kwanza, amuulize Mama kama yuko tayari kukuona, na akisema hapana, unangoja. Akikubali, panda basi, vaa kama unavyovaa kanisani, ukae chini mahali ambapo yeye ndiye yuko karibu na mlango. Mwambie begi lilikuwa lako, bunduki ni yako, ulimficha, na ukamwacha mwingine abebe lawama. Maneno hayo yanatosha. Usimweleze sheria za mchezo, wala usimkumbushe kwamba ilikuwa plastiki, hilo anajua. Na tafadhali usilie mpaka yeye ndiye aanze kukubembeleza.

Halafu kuna jambo ambalo Patrick hakukwambia, labda kwa sababu yeye amelizoea tangu utoto. Mama anaweza kukusamehe kwa moyo wake wote siku hiyo hiyo, na bado mwili wake ukashtuka kila unapoingia, mwaka huu na mwaka ujao. Msamaha hauondoi hilo, na si kosa lake, wala huna haki ya kumwuliza litaisha lini. Ukiona huwezi kuishi na mama anayekupenda na kukuogopa kwa wakati mmoja, mwambie Patrick sasa, kabla wazee hawajaketi.