Kondoo Uliyemtuma

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Itikia, hata kama hapo ulipo hakuna wa kukusikia. Mimi ni mzima wa mwili, na ninaomba barua hii ikukute nawe unakula na kulala. Huku kwetu tunasukuma siku. Mpwa wako mdogo ameanza kusimama kwa kushika kiti. Shemeji yako anaendelea kuchomelea mageti, macho yanamuuma na miwani hataki kuvaa, ubishi wake unaujua. Mimi bado napinda mapazia kwa yule mzee wa duka la vitambaa. Mwandiko wangu uuvumilie, shule niliiacha njiani.

Kondoo uliyemtuma amefika. Honi, dereva mwenzako asiyejua kunong'ona, alimshusha mlangoni huku akilalamika mtaa mzima usikie. Alisema hajapata kubeba abiria msumbufu namna ile, amemchafulia kiti, na hata mama mkwe wake angalau huomba gari lisimame. Nilicheka, kaka. Kisha nikashtuka kwamba nimecheka.

Ndipo akanipa maneno yako. Kwamba tangu siku ile uliporudisha lori nyuma pale uani kwetu ukamkanyaga mwanangu Bonge, usingizi umekuhama. Kwamba umesoma katika Maandiko kuwa dhambi huondolewa kwa damu. Kwamba tumchinje kondoo huyu kwa niaba yako, damu imwagike palepale, mimi nimwekee mkono kichwani badala yako, ndipo wewe upumzike. Hapo Honi akashusha sauti, mara ya kwanza tangu nimjue. Alisema usukani hutaki tena kuushika, unapakia magunia tu na kulala juu yake, chakula unawapa wengine. Alisema hakupenda kabisa ulivyolitamka hilo neno kupumzika, na akanisihi nikujibu upesi.

Shemeji yako alitoka, akamtazama kondoo, akauliza kama siku hizi ndiyo bei, kondoo kwa mtoto. Akataka mnyama arudishwe alikotoka. Honi akaapa kwamba gari lake halimpandishi tena yule. Basi tukamfunga kwenye nguzo ya kamba ya nguo.

Kesho yake dukani nilishona zipu ya mto juu chini. Mzee akaniuliza mawazo yangu yako wapi, nami nikamweleza yote. Unakumbuka kwamba yeye ni Myahudi, Jumamosi hafungui duka hata umlilie. Aliuliza kwanza kama kondoo ni dume au jike. Nikamwambia dume. Akatikisa kichwa, akasema kwa mtu wa kawaida aliyekosa bila kukusudia, sheria yao ilitaka jike asiye na kilema, na kwamba kaka yangu amesoma kama mtu anayekimbilia basi. Nilidhani ananitania tu, lakini alivuta kiti akakaa.

Alisema zamani, Hekalu lao lilipokuwa limesimama, aliyekosa alimleta mnyama yeye mwenyewe. Aliweka mkono wake mwenyewe kichwani pa mnyama, akalisema kosa lake kwa mdomo wake. Haikuwa rushwa ya kumlainisha Mungu. Mtu aliuona uhai ukitoka, akajua kwamba kosa si mchezo, akarudi nyumbani akiwa mtu mwingine. Hekalu lilipobomolewa, kuchinja kukakoma. Wao wamebaki na toba, sala, na kuwapa maskini. Na kosa la mtu kwa mtu, alisema, Mungu halifuti mpaka umwendee uliyemkosea.

Halafu akaniambia jambo ambalo wewe hukulifikia katika kusoma kwako. Aliyeua bila kukusudia hakudaiwa kondoo. Alipewa mji wa kukimbilia, ili ndugu wa marehemu wasimuue kwa hasira. Alikaa humo mpaka kuhani mkuu alipokufa. Siku hiyo alirudi kwao, na hakuna aliyeruhusiwa kumgusa. Nikamuuliza, makuhani wakuu siku hizi hawapo, sasa huyu wa kwangu atakaa hukohuko mpaka lini? Mzee aliinuka kitini. Alinisukumia pazia jingine nipinde.

Jioni nilikwenda kwa mchungaji, nikamkuta anagongelea misumari kwenye benchi la kanisa. Alianza kama anavyoanza siku zote. Damu ya wanyama ilikuwa kivuli tu, Yesu ndiye Mwanakondoo wa Mungu, amekufa mara moja kwa ajili ya wote, na kumchinja kondoo leo kwa ajili ya dhambi ni kusema kifo chake hakikutosha. Nikamwambia hayo nimeyasikia tangu nikiwa mtoto, nayaamini, lakini kaka yangu analala juu ya magunia na hali chakula. Nikamsimulia habari ya ule mji.

Mchungaji aliweka nyundo chini, akakaa kwenye lile benchi. Kisha akasema taratibu kwamba sisi tunaamini Yesu ndiye pia kuhani mkuu, na huyo amekwisha kufa. Kwa hiyo mlango wa mji ule uko wazi, aliyemo ndani anangoja nini? Akaongeza kwamba Yesu mwenyewe alifundisha, mtu akileta sadaka akakumbuka ana neno na ndugu yake, aiache hapohapo, aende akapatane naye kwanza. Nilipompelekea mzee maneno hayo alitabasamu, akasema kwenye habari ya kuhani njia zao zinaachana, ila kwenye kukuita uje tupatane, yeye na mchungaji ni kitu kimoja.

Sasa, kaka, liko ambalo sikumwambia mzee wala mchungaji. Siku ileile kondoo alipofika, Honi alipokwisha kuondoka, nilimwambia shemeji yako alete kisu. Alinitazama, akaleta. Nilipiga magoti uani nikaweka mkono kichwani pa kondoo kama ulivyotaka. Dhambi yako sikuitaja. Nilikutaja wewe, kwa jina ulilopewa na mama, nikasema ufe. Nilirudia tena na tena. Nilitaka damu itakayomwagika pale iwe yako.

Kondoo hakujivuta. Alinilalia kiganjani kwa uzito wake wote, kama Bonge alivyokuwa akinilalia usingizi ukimbana. Shemeji yako akauliza achinje au aache. Nikamwambia aache. Akakiweka kisu, akakaa vumbini akalia, mwanaume yule ambaye hata makaburini alikuwa anawapangia watu pa kusimama.

Kwa hiyo usidhani nakuandikia kukuambia kwamba nimekusamehe. Bado. Asubuhi nyingine naamka nimekusamehe, nikitoka kuanika nguo naona pale mahali, na sijakusamehe tena. Honi anangoja barua hii na injini inanguruma. Ningeweza kuliandika hilo neno unalolitaka, herufi chache tu, akakuletea pamoja na mizigo mingine. Sitaliandika. Kama wewe huwezi kumtuma mtu akuwekee mkono kichwani pa kondoo, mimi nami siwezi kumtuma Honi akusamehe.

Njoo, kaka. Sema ulilolifanya kwa mdomo wako, mimi nikiwa mbele yako, na mimi nitakuambia niliyokutakia. Sijui tutaishia wapi. Naona tu kwamba tukikaa chumba kimoja litawezekana, na tukikaa hivi halitawezekana. Shemeji yako anasema ukija hatakupiga, ila atakaa ndani mpaka atakapoweza kutoka. Kwake hilo ni kubwa, usilidharau. Kondoo wako hachinjwi. Anakula maganda na kunitafunia nguo zilizoanikwa.

Kula leo, tafadhali, kabla hujafanya lolote. Wasalimie wapakiaji wenzako. Majibu ya barua sitaki. Panda kiti cha mbele karibu na Honi, vumilia kelele zake, shuka mlangoni kwetu mchana watu wakikuona. Ukibisha hodi, niite kama ulivyokuwa ukiniita, usitafute jina jingine kwa kunihurumia.

Ni mimi mdogo wako,

Mama Bonge